Hesabu ya Matundu

Jumatatu napita bucha ya Sizya, pale Isevya,
nachukua mifupa ya mapaja iliyokwisha kutoa supu.
Kila wiki ananiuliza, "Hivi una mbwa wangapi?"
Namjibu, "Kumi na mmoja," ili nisichelewe.

Nachemsha, nakwangua, nachoma
hadi weusi uwe kijivu, kijivu kiwe cheupe
kama unga wa muhogo uliosahauliwa juani.
Nasaga. Nachekecha. Maji kidogo, wanga kidogo,
na uji uko tayari:
uji ambao mlaji wake ni moto.

Kisha sponji. Sponji ya kawaida, ya godoro,
nimeikata vipande vya ukubwa wa dadu.
Naichovya, naikamua, naichovya tena,
uji ushike kila uzi, tundu libaki tundu.
Ndani ya tanuri sponji itakufa,
itatoka bombani kama moshi wa sigara ya mgeni,
na kilichoivaa kitabaki kimesimama,
kikikumbuka umbo la asiyekuwapo.

Ndivyo isemavyo karatasi.
Mimi nilipata vigae.
Mara ya kwanza vigae, ya tisa vigae,
ya arobaini na moja nilifagia bila kutazama.

Mama alikuja kliniki ya macho, Kitete,
akapitia kwangu kupumzisha miguu.
Nyanzala binti Katabi, mfinyanzi wa Sikonge:
jicho moja lina bandeji,
la pili linatutosha mimi na tanuri langu.
Akaokota kigae, akakilamba.
"Umeharakisha moto.
Moshi haujatoka, wewe umekwisha kuwasha hasira.
Huyo aliye ndani mpe muda wa kuaga."
Kisha akaomba chai,
akalalamika kwamba sukari haitoshi.

Nikapunguza mwendo. Nyuzi moja kwa dakika,
usiku kucha mimi na daftari na mbu.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, ikapita.
Umeme, kwa fadhila zake, haukukatika.
Alfajiri nikafungua:
dadu nyeupe, nyepesi, nzima.
Nikaidondoshea tone la wino; ikalinywa lote.
Sikupiga yowe. Niliketi sakafuni
nikahesabu matundu hadi nikapotea njiani.

Nina kaka, Mlekwa.
Alidondoka na mzinga wake kutoka juu ya mninga,
nyuki wakamfuata hadi chini kumalizia maneno yao.
Sentimita nne za mfupa wa muundi hazikurudi.
Tangu hapo anatembea
kama mtu anayekwepa dimbwi lile lile kila hatua.

Nilimpa dadu aishike.
Akaigeuza dirishani, nuru ikapenya.
"Sega," akasema. "Sega la mawe umenunua wapi?"
Nikamweleza: chembe za mfupa zitaingia humu,
zitagawana vyumba, zitavuta mishipa ya damu,
zitajenga; na ukuta ukishasimama
mirunda yenyewe itaanza kuyeyuka,
pole pole, bila fundi kuja kudai chake.

"Nyuki haingii nyumba aliyojengewa," akasema,
"mpaka inuke nta."
Nililiandika hilo pembeni mwa daftari.
Nta ya mfupa ni nini, sijui bado.

"Na wangu lini?"

Nikatazama uani. Mbuzi namba saba
alikuwa akitafuna kamba yake,
mguu wa nyuma wa kushoto umenyolewa,
una mshono wa wiki sita.
Jana aliukanyagia. Leo hataki.

"Wa kwanza ni yule," nikasema.

Mlekwa akamkazia macho
kama mtu wa foleni amtazamavyo aliyemtangulia.
Akavunja tawi la mlonge,
akachechemea hadi alipofungwa, akainama.
"Kanyaga basi, ndugu yangu," akamwambia.
"Watu wanasubiri."